Rubani wa Kanada Aliyeenziwa na Maadui Zake

Ifikapo tarehe 11 Novemba kila mwaka, raia wa Kanada, wakubwa kwa wadogo, hubandika ua jekundu la bandia kifuani na kusimama kimya kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani. Taifa hilo lilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia mnamo Septemba 10, 1939, lilikuwa na watu wapatao milioni kumi na moja tu. Hata hivyo, zaidi ya milioni moja kati yao walivaa sare za jeshi kabla ya vita kumalizika, na zaidi ya 45,000 hawakurudi makwao. Walifia Hong Kong, wakafia Dieppe, wakafia katika fuo za Normandy na katika milima ya Italia. Sisi tuliosomeshwa historia ya vita hivyo katika shule za huku tulikaririshwa majina ya Churchill, Hitler na Montgomery, lakini Mkanada hatukutajiwa hata mmoja.

Ningependa kumsimulia msomaji habari za mmoja wao, Luteni Robert Hampton Gray, ambaye wenzake walizoea kumwita Hammy. Nimemchagua yeye kwa kuwa aliwahi kula chumvi ya Afrika Mashariki, na kwa kuwa kumbukumbu yake imetunzwa na watu ambao, kwa hesabu ya kawaida ya walimwengu, wangekuwa na kila sababu ya kumlaani.

Gray alizaliwa Novemba 2, 1917, katika mji wa Trail, jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Alilelewa katika mji wa Nelson, uliozungukwa na milima na maziwa, ambako baba yake alikuwa sonara. Mzee huyo naye alikuwa askari wa zamani, kwani alipigana katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Hivyo vita havikuwa hadithi ngeni katika nyumba hiyo. Kijana alisoma katika Chuo Kikuu cha Alberta na baadaye kile cha British Columbia, akiwa na nia ya kuusomea udaktari. Mwaka 1940, alipokuwa angali mwanafunzi, alijiunga na wanamaji wa akiba wa Kanada akiwa baharia wa kawaida asiye na cheo chochote.

Alipelekwa Uingereza, na huko akajitolea kuwa rubani katika kikosi cha ndege cha jeshi la wanamaji la Uingereza. Baadhi ya mafunzo aliyapata akirudishwa kwao Kanada, katika kiwanja kilichokuwa karibu na Kingston, jimbo la Ontario, na Septemba 1941 akafuzu. Mwaka uliofuata nduguye, Jack, ambaye alikuwa katika jeshi la anga la Kanada, aliuawa kazini huko Uingereza. Wazazi wakabaki na mwana mmoja wa kiume, naye alikuwa mbali, tayari amekwisha kupangiwa safari ya kuja Afrika.

Hapa hatuna budi kutua kidogo, maana ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu. Aprili 1942 manowari za Japani ziliishambulia Ceylon, kisiwa ambacho leo tunakiita Sri Lanka, na kuzizamisha meli kadhaa za Waingereza. Kundi la manowari za Uingereza lililokuwa likilinda Bahari ya Hindi likaonekana halina usalama tena huko, likahamishiwa Kilindini. Kwa muda, Mombasa yetu ikawa makao ya kundi zima la manowari. Wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani waliwekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, wakitegea masikio mawasiliano ya adui aliyekuwa maelfu ya maili ng'ambo ya bahari. Wazee wa Mombasa waliokuwa vijana wakati huo walishuhudia mabaharia wakijaa barabarani na bei za vitu zikipanda, na ni wachache mno walioelezwa sababu.

Kundi hilo la manowari lilihitaji ndege za kulilinda. Vikosi vya ndege vya wanamaji vikawekwa Tanga na Port Reitz, kiwanja ambacho baadaye kilikua na kuwa uwanja wa kimataifa wa Moi, Mombasa. Gray alitumikia vikosi vitatu vya aina hiyo, yaani namba 795, 803 na 877, akirusha ndege za Hurricane. Wanaoandika wasifu wake huitaja Nairobi kuwa kituo chake cha miaka hiyo miwili. Adui aliyekuwa akisubiriwa hakutokea katika anga zetu. Kwa rubani kijana aliyetaka kupigana, kazi ya kungoja ni kazi ngumu, na nadhani si kosa kusema kwamba Afrika Mashariki ilimfunza Gray subira kuliko ilivyomfunza vita.

Lakini vita vilikuwapo baharini, na wenzetu waliviona. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Ceylon. Ndani ya meli moja, Khedive Ismail, kulikuwa na wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia wa Uingereza. Mnamo Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga meli hiyo, nayo ikazama kwa dakika chache tu. Watu wapatao 1,300 walikufa, zaidi ya 600 kati yao wakiwa askari wetu wa mizinga. Bahari aliyopewa Gray kuilinda ndiyo hiyo iliyowameza vijana hao. Nitarejea kwao.

Mwaka huo wa 1944 Gray alijiunga na kikosi namba 1841 kilichokuwa ndani ya Formidable, manowari ya kubebea ndege. Sasa alirusha ndege ya Corsair, yenye mabawa yaliyopindika na nguvu nyingi kuliko Hurricane. Mwezi Agosti kikosi chake kilishiriki mashambulizi dhidi ya Tirpitz, manowari kubwa ya Wajerumani iliyokuwa imejificha katika hori la bahari huko Norway. Katika kuzishambulia silaha zilizoilinda, ndege yake ilipigwa na sehemu kubwa ya usukani wa mkia ikang'oka. Aliirudisha hivyo hivyo hadi kwenye meli. Kwa kitendo hicho alitajwa kwa sifa katika taarifa rasmi za vita.

Kisha Formidable ikapelekwa Pasifiki. Mwezi Mei 1945, karibu na Okinawa, meli hiyo ilipigwa mara mbili na marubani wa Kijapani waliojitoa mhanga, ikanusurika kwa ajili ya sitaha yake ya chuma kizito. Mwezi Julai ndege zake zilianza kushambulia nchi yenyewe ya Japani. Gray alisaidia kuiharibu manowari moja ya adui na kwa hilo akatunukiwa nishani ya Distinguished Service Cross, ingawa ilipotangazwa alikuwa amekwisha kufa.

Tufike sasa asubuhi ya Agosti 9, 1945. Siku tatu nyuma bomu la atomiki lilikuwa limeiteketeza Hiroshima, na kila mtu ndani ya Formidable alijua kwamba vita vimefika ukingoni. Makamanda waliwaasa marubani wasijitie katika hatari zisizo za lazima, wala wasirudie shabaha moja mara mbili. Gray aliongoza ndege nane, shabaha yao ikiwa viwanja vya ndege vya kaskazini mwa nchi. Walipoona kwamba viwanja hivyo vimekwisha kuharibiwa vya kutosha, Gray aliamua kuzigeukia meli za kivita zilizotia nanga katika ghuba ya Onagawa.

Ghuba hiyo imezungukwa na vilima, na vilimani kulikuwa na mizinga ya kudungulia ndege. Mizinga mingine ilikuwa katika meli zenyewe. Gray alishuka akiwa mbele ya wenzake, akiielekea manowari ndogo ya kusindikiza misafara iliyoitwa Amakusa. Ndege yake ikapigwa, bomu moja kati ya mawili aliyobeba likang'olewa, na moto ukawaka. Hakupindua ndege. Aliendelea mpaka akafika karibu kabisa, akaachia bomu lililobaki, nalo likaipasua Amakusa, ikazama dakika chache baadaye. Ndege yake ikajipindua na kutumbukia ghubani. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 27. Asubuhi hiyo hiyo, kusini zaidi, bomu la pili la atomiki liliangushwa juu ya Nagasaki, na baada ya siku sita mfalme wa Japani akatangaza kusalimu amri.

Novemba 13, 1945, ilitangazwa kwamba marehemu ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika majeshi ya ufalme wa Uingereza. Katika vita vile marubani wa wanamaji walioipata walikuwa wawili tu, na mwanamaji wa Kanada alikuwa yeye peke yake. Februari 1946 wazazi wake waliipokea kutoka kwa Gavana Mkuu wa Kanada. Sonara huyo wa Nelson, ambaye maisha yake yote aliuza dhahabu na fedha, alikabidhiwa kipande cha shaba badala ya mwana wa pili. Mwezi uliofuata mlima mmoja wa nyumbani kwao ukapewa jina la Gray kuwakumbuka ndugu wote wawili. Ni mlima ule ule ambao baadaye ulichorwa katika nembo ya bia moja ya huko, na sidhani wanywaji wengi hujua wanatazama nini.

Kuna watu huuliza, na swali lao si la kipuuzi, kwamba kifo hicho kilikuwa na faida gani. Vita vilikuwa vinakwisha. Kamanda alikuwa ametoa tahadhari. Amakusa haikuwa manowari ya kugeuza matokeo ya vita vyovyote. Mtu angeweza kuzunguka, akaangusha mabomu yake popote na kurudi kunywa chai. Mimi nakubali yote hayo, lakini naona wanaouliza hivyo hutumia elimu ya siku zilizofuata. Asubuhi ile hakuna rubani aliyejua kama Japani ingesalimu amri baada ya siku sita au baada ya miezi sita, na manowari iliyoachwa leo huweza kuua kesho. Wala haikuwa tabia ya Gray kuwatanguliza wenzake mahali asipotaka kwenda mwenyewe. Ninachokataa ni ile desturi ya kuusimulia ushujaa wake kana kwamba ndani ya Amakusa hamkuwa na watu. Walikuwamo. Mashambulizi ya siku hiyo na ya siku iliyofuata katika ghuba ya Onagawa yaliwaua Wajapani zaidi ya mia, vijana kama yeye, nao walikuwa na akina mama waliowangojea.

Ndiyo maana jambo lililotokea mwaka 1989 hunistaajabisha kuliko nishani. Wajapani, wakiwamo baadhi waliokuwa Onagawa wakati wa vita, walishirikiana na Wakanada kusimamisha jiwe la kumkumbuka Gray katika bustani inayotazama ghuba ile, karibu na ukumbusho wa wafu wao wenyewe. Lilizinduliwa Agosti 9, miaka 44 kamili tangu siku ya shambulio. Ni nadra sana nchi iliyoshindwa kumwekea jiwe la heshima katika ardhi yake askari wa adui aliyewaua wana wake. Hakuna mkataba uliowalazimisha. Waliona kwamba wote waliozama katika maji yale wamekuwa wafu wa Onagawa.

Machi 11, 2011, tetemeko la ardhi lilizua mawimbi makubwa ya tsunami yaliyoufagia mji huo. Watu zaidi ya mia nane walikufa au kupotea, katika mji wenye wakazi wapatao elfu kumi. Jiwe la Gray nalo likaangushwa. Mtu angewasamehe wenyeji kama wangeliacha hapo lilipoanguka, maana walikuwa na maiti za kutafuta na nyumba za kujenga. Lakini liliinuliwa, na mwaka uliofuata likasimamishwa tena karibu na hospitali ya mji. Kwao Kanada jina la Gray limeandikwa Halifax, pamoja na majina ya mabaharia wasio na makaburi, na huko huko imeundwa meli ya jeshi la wanamaji inayoitwa kwa jina lake, ya sita katika kundi la meli zilizoundwa kulinda maji ya barafu ya kaskazini.

Niliahidi kurejea kwa vijana wa Khedive Ismail. Wao pia hawana makaburi. Majina yao yamo katika ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Mahali hapo panatunzwa vizuri, nyasi zimekatwa na mawe ni meupe. Nimepata kuingia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa peke yangu. Nje ya ua matatu zilikuwa zikipita zimejaa, na kati ya abiria hao bila shaka mlikuwa na wajukuu wa baadhi ya watu wale, wasiojua kwamba jina la babu limechongwa hatua chache kutoka walipo. Lango huwa wazi mchana, na hakuna kiingilio.