Charles Drew na Akiba ya Damu

Wifi yangu alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Daktari alimtundikia dripu mbili, akatueleza kuwa maji yale ya chumvi hujaza mishipa ili moyo upate cha kusukuma, lakini hayabebi hewa mwilini kama damu. Humshikilia mgonjwa tu hadi damu ipatikane. Jamaa tulikuwa kumi na mmoja pale nje. Waliojitolea ni wawili, na mimi sikuwamo. Niliogopa sindano, nikasingizia presha.

Mola alimnusuru, lakini aibu ile ndiyo iliyonifanya nisome maisha ya Charles Drew.

Drew alizaliwa Washington, Marekani, mwaka 1904, Mmarekani mweusi katika enzi za ubaguzi. Ujanani alisifika kwa michezo. Udaktari aliusomea Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, akahitimu 1933. Baadaye akiwa Columbia, New York, alitafiti jinsi ya kuhifadhi damu, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1940.

Wakati ule damu nzima iliharibika baada ya siku chache. Lakini ukizitenga chembe, hubaki maji ya manjano yaitwayo plazma. Hayo hukaa muda mrefu zaidi, na yaliweza kupewa majeruhi bila kungojea kulinganisha kundi la damu. Plazma nayo haibebi hewa, ila hukaa ndani ya mishipa kuliko maji ya chumvi.

Mwaka huohuo Uingereza ilikuwa ikipigwa mabomu. Drew aliwekwa kusimamia mpango wa kukusanya damu New York na kupeleka plazma ng'ambo. Watu zaidi ya 14,000 walitoa. Aliweka utaratibu mmoja wa usafi na upimaji kwa hospitali zote, na mwaka 1941 akaongoza benki ya damu ya majaribio ya Msalaba Mwekundu.

Ajabu ni kuwa jeshi halikutaka damu ya watu weusi, na hata ilipokubaliwa ilitengwa na ya weupe. Drew alipinga wazi kuwa sayansi haina msingi wa jambo hilo. Alirudi Chuo Kikuu cha Howard kufundisha madaktari wa upasuaji.

Alifariki Aprili 1, 1950, kwa ajali ya gari huko North Carolina, akiwa na miaka 45. Wengi husimulia kuwa alinyimwa damu kwa rangi yake. Si kweli. Madaktari weupe walihangaika naye, lakini majeraha yalikuwa makubwa mno.

Hadi leo hakuna dawa wala maji yanayoshika kikamilifu nafasi ya damu ya binadamu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii yaoza: hata kwenye jokofu haipiti wiki sita hivi. Basi ndugu zangu, tusingojee wifi alale kitandani. Mimi siku hizi hutoa, na sindano bado naiogopa.