John Wallis: Mvunja mafumbo ya vita aliyeinyoosha njia ya vipeo hasi

Muulize mwanafunzi 2⁻³ ni ngapi, wengi watakurupuka na jibu la −8. Jibu sahihi ni 1/8. Mmoja wa watu walioweka sawa jambo hili ni John Wallis, Mwingereza ambaye hesabu hakufundishwa shuleni.

Wallis alizaliwa mwaka 1616 mjini Ashford, Kent. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alifariki yeye akiwa bado mtoto. Shuleni alisoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Hesabu? Hizo zilionekana ni mambo ya wafanyabiashara.

Likizo ya Krismasi ya 1631 ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Alimkuta mdogo wake akijifunza hesabu za biashara, akaomba amuelekeze. Ndani ya wiki kama mbili akawa ameyamaliza yote.

Baadaye alisoma Cambridge, kisha akawa mchungaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642, aliletewa barua ya siri ya upande wa Mfalme. Aliivunja usiku uleule. Kuanzia hapo, Bunge likawa linamtegemea.

Mwaka 1649 alipewa uprofesa wa jiometria Oxford, nafasi ya mtu aliyeondolewa kwa kumuunga mkono Mfalme. Wallis alikuwa hajafanya kazi kubwa ya hesabu, hivyo ilionekana wazi kuwa kabebwa. Alitakiwa kujibu kwa vitendo.

Na kweli alijibu. Mwaka 1655 alileta alama ya ∞, ile ya kitu kisicho na mwisho. Mwaka 1656 akatoa kitabu cha Arithmetica Infinitorum, alichoeleza ndani yake kuwa vipeo vinaweza kuwa hasi au sehemu.

Wazo lenyewe ni jepesi. Tazama: 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Kila kipeo kinaposhuka kwa 1, unagawa kwa 2. Endelea kushuka: 2⁰ ni 1, 2⁻¹ ni 1/2, 2⁻² ni 1/4. Alama ya kutoa kwenye kipeo haigeuzi namba kuwa hasi, inaishusha chini ya mstari wa sehemu. Ndiyo maana x⁵ ÷ x⁷ ni x⁻², yaani 1/x².

Hakuwa wa kwanza. Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika vipeo hasi mwaka 1484, ila kazi yake haikuchapishwa enzi zake. Kitabu cha Wallis kilisomwa, na msomaji mmoja alikuwa kijana Isaac Newton. Mwaka 1676, Newton aliandika vipeo hasi kwa mtindo tunaoutumia leo.

Si wote walifurahi. Mwanafalsafa Thomas Hobbes alizifananisha alama za Wallis na mikwaruzo ya kuku. Wawili hao walirushiana maneno kwa zaidi ya miaka 20, mpaka Hobbes alipofariki mwaka 1679.

Ufalme uliporudi mwaka 1660, Wallis hakuguswa. Aliwahi kupinga kuuawa kwa Mfalme Charles I, na Charles II akambakiza kazini.

Alifariki Oktoba 28, 1703 akiwa na miaka 86. Nafasi ile aliyodaiwa kubebwa aliishika kwa miaka 54.