Aggrey: Mwalimu Aliyerudi Darasani

Watu wengi humkumbuka James Emman Kwegyir Aggrey kama msemaji hodari. Sisi, tukiwa walimu, twapenda kumtazama kama mwanafunzi, kwa kuwa mauti yalimkuta yu mwanafunzi, naye ana umri wa miaka 51. Katika vyumba vyetu vya walimu husikika mara kwa mara swali hili: aliyekwisha pata cheo na mshahara arudi kwenye madawati kutafuta nini? Maisha ya mtu huyu yanaligusa swali hilo kwa karibu sana.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 huko Anomabu, katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo ni Ghana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa mahali hapo. Kazi yake ilikuwa kuyapokea maneno ya mkuu wake na kuyafikisha kwa watu yakiwa yamepangika na kueleweka. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, twaona, alikwisha pata sehemu kubwa ya mafunzo ya ualimu kabla hajashika chaki. Alisomeshwa na misheni ya Wesleyan, akaanza kufundisha angali kijana mdogo, akapanda hata kuwa mwalimu mkuu katika mji wa Cape Coast.

Angaliweza kutulia hapo. Lakini mwezi wa Julai 1898, akiwa na miaka 22, alipanda meli kwenda Marekani na kuingia Livingstone College, mjini Salisbury, North Carolina. Chuo hicho kilikuwa cha Kanisa la African Methodist Episcopal Zion, kanisa la watu weusi, na kilianzishwa mwaka 1879, miaka 14 tu baada ya utumwa kukomeshwa katika nchi hiyo. Wengi wa wazazi walioleta vijana wao hapo walikuwa wamezaliwa watumwa. Aggrey alihitimu mwaka 1902, na chuo hakikumwachia aende: kikamfanya mwalimu. Mwaka uliofuata akapewa daraja la uchungaji. Baadaye alimwoa Rose Douglass wa Virginia, wakapata watoto wanne.

Tangu mwaka 1912 watu walimwita Daktari kwa ajili ya shahada ya theolojia. Hata hivyo mwenyewe hakuridhika. Likizo za kiangazi, wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye alikwenda New York kusoma katika Columbia University, akijifunza elimu ya jamii, saikolojia na mambo ya ualimu. Likizo ikiisha, alirudi Salisbury kufundisha, na Jumapili kuhubiri katika makanisa madogo ya mashambani. Alipata shahada ya pili, akaanza kuitafuta ile ya udaktari. Tusidhani kwamba haya yalikuwa mepesi kwa mtu mwenye jamaa ya kulisha na mshahara wa chuo kisicho na utajiri.

Kazi ndiyo iliyomkatiza. Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes uliunda tume, chini ya Thomas Jesse Jones, ya kuchunguza elimu katika Afrika. Aggrey alikuwa Mwafrika pekee ndani yake. Walizunguka Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Mwaka 1924 tume ya pili ilifika kwetu Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Tume hizo zilisisitiza elimu ifungamane na mazingira ya mwanafunzi: kilimo, afya, kazi za mikono. Wako Waafrika walioshuku kwamba huo ulikuwa ujanja wa kuwanyima elimu ya juu, nasi hatuoni kuwa shaka hiyo ilikuwa ya bure. Wako pia waliomlaumu Aggrey kuwa mpole mno mbele ya wazungu. Lakini mtu aliyekuwa akihangaikia udaktari wake mwenyewe hakuweza kusadiki kwamba Mwafrika anatoshwa na jembe.

Kwa mbinu za kufundisha ndipo alipowapita wengi. Hakueleza jambo gumu kwa maneno matupu. Akitaka kusema juu ya watu weusi na weupe, aliwaonyesha kinanda, ambacho vidole vyake vyeusi peke yake, au vyeupe peke yake, havitoi muziki uliokamilika. Akitaka kuwaondolea vijana unyonge, alisimulia habari ya tai aliyelelewa na kuku hata akasahau kuruka. Zana hizo hazikugharimu hata senti moja, na wasikilizaji walizichukua mpaka nyumbani kwao. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa Rais wa Nigeria, alimsikia akiwa kijana, akatamani kwenda kusoma Marekani.

Mwishoni mwa 1924 alirejea Pwani ya Dhahabu kusaidia kuanzisha chuo cha Achimota, pamoja na Gavana Guggisberg na Kasisi A. G. Fraser, mkuu wa chuo. Aggrey akawa mkuu msaidizi wa pili. Alitetea wasichana wasome pamoja na wavulana, na aliwatuliza wananchi waliokuwa na hofu kwamba chuo kitatoa elimu ya daraja la chini. Kwame Nkrumah alikuwa mmoja wa vijana waliomjua huko. Achimota ilifunguliwa rasmi Januari 1927.

Miezi michache baadaye alichukua likizo. Cheo alikuwa nacho, heshima alikuwa nayo, na jina la Daktari alikuwa nalo miaka 15. Akaenda New York kuimalizia tasnifu yake ya Columbia. Alipofika hakukaa sana: aliugua ghafla ugonjwa wa utando wa ubongo, akafariki tarehe 30 Julai 1927. Tasnifu ikabaki bila kukamilika. Walimzika Salisbury, katika mji ule alikofundisha, na nembo ya Achimota hadi leo ina vidole vya kinanda, vyeusi na vyeupe.