Gino Watkins: jamaa aliyejua kuinuka majini

Hebu piga picha uko Kataboi, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Upepo wa kusini-mashariki umeamka na mawimbi yamechafuka. Wewe uko ndani ya kayaki, kile chombo chembamba cha mtu mmoja, na kimepinduka. Kichwa kiko chini, miguu bado iko ndani. Unafanyaje?

Gino Watkins alilijua jibu. Alizaliwa London mwaka 1907. Akiwa na miaka 23 tu, aliongoza kikosi cha watu 14 hadi Greenland kuchunguza njia ya ndege kutoka Uingereza kwenda Kanada. Huko akawafuata Wainuit wamfunze kuwinda sili kwa kayaki.

Somo la kwanza lilikuwa kuzuia kupinduka. Chombo kikianza kulala upande, piga kasia bapa juu ya maji, egemea kidogo, halafu nyonga irudishe chombo. Somo la pili: ukishapinduka, jikunje kuelekea uso wa maji, fagia kwa kasia, zungusha nyonga, kichwa kitoke mwisho. Hapo ndipo wengi huharibu. Una haraka ya kupumua, unainua kichwa kwanza, uzito wake unakurudisha chini.

Watkins akaiva kabisa. Alirudi nyumbani 1931 akiwa shujaa, akatunukiwa medali na Royal Geographical Society. 1932 akaenda tena Greenland. Tarehe 20 Agosti akatoka kuwinda peke yake. Wenzake walikuta kayaki ikielea, na suruali yake juu ya kipande cha barafu. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 25.

Unaona? Ujuzi alikuwa nao. Mtu wa kumwona ndiye hakuwepo.

Na usidhani ni mambo ya barafu tu. Mwaka 1934, Martin na Dyson, watu wa msafara wa Vivian Fuchs, walivuka hadi Kisiwa cha Kusini humu humu Ziwa Turkana. Hawakurudi.

Kwa hivyo, msee, ukitaka kujifunza, anza kwenye bwawa la kuogelea, maji ya kiuno, mtu amesimama kando yako. Usianzie Kataboi, mamba wapo. Na hata ukiiva kama Gino, usitoke peke yako, na mwache mtu ufuoni anayejua utarudi saa ngapi.