Henry Gantt, mhandisi aliyeuchora muda

KIGALI – Mafundi na wahandisi wengi hupanga kazi zao kwa mistari ya kulala iliyochorwa chini ya tarehe. Mchoro huo una jina la mtu: Henry Laurence Gantt, Mmarekani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Gantt alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la Maryland. Familia yake ilikuwa na mashamba na watumwa, lakini Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe viliiacha katika umaskini. Alifundisha shule kabla ya kuhitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1884. Mwaka 1887 aliajiriwa katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, alikofanya kazi na Frederick Taylor, bingwa wa kupima kazi kwa saa.

Wawili hao walitofautiana kuhusu malipo. Kwa Taylor, aliyeshindwa kufikia lengo alilipwa kwa kiwango cha chini. Mwaka 1901 Gantt alileta utaratibu mwingine: aliyefikia lengo alipata nyongeza, na aliyeshindwa hakupoteza ujira wake wa siku. Msimamizi naye alipata nyongeza wafanyakazi wake walipofaulu, hivyo ilimfaa kufundisha kuliko kufoka.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Gantt aliitwa kusaidia idara ya silaha na shirika la serikali la meli. Kazi ilikuwa imetawanyika. Katika karakana ya Hog Island, karibu na Philadelphia, meli ziliunganishwa kwa sehemu zilizotengenezwa katika viwanda vya mbali. Kiwanda kimoja kikichelewa, meli nzima husubiri.

Wakubwa walijua wameagiza kiasi gani. Kujua kama kazi inakwenda na tarehe kulikuwa jambo jingine. Gantt aliweka ahadi na kazi iliyokwisha kufanyika pamoja, juu ya kalenda moja. Aliyetazama aliona mara moja nani amebaki nyuma. Gantt alisisitiza kwamba mara nyingi kosa si la mfanyakazi, bali la uongozi ulioshindwa kumletea vifaa kwa wakati.

Mchoro peke yake haukutosha. Vita viliisha Novemba 1918 kabla ya Hog Island kukamilisha hata meli moja. Gantt alifariki Novemba 1919.

Somo lake linatuhusu. Magari ya Volkswagen yalianza kuunganishwa Kigali mwaka 2018 kwa sehemu kutoka nje. Rwanda haina bahari. Mizigo yake mingi hupita Dar es Salaam au Mombasa, kisha mipakani. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, malori yalielekezwa Kagitumba, na mpaka wa Gatuna ulifunguliwa tena Januari 31, 2022.

Tukitaka siku moja Thika, Kibaha na Kigali zigawane kazi ya kutengeneza gari moja, tarehe za bandari, za mpaka na za kiwanda hazina budi kusomwa kwenye karatasi moja.