Dawa ya deni ni kulipa

Sisi wa Mjimwema, hapa Songea, hatuhitaji kusimuliwa Vita vya Majimaji. Kila Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Leo, mpendwa msomaji, tumtazame daktari mmoja aliyezaliwa chini ya bendera hiyohiyo ya Ujerumani.

Albert Schweitzer alizaliwa mwaka 1875 huko Kaysersberg, mji ambao leo uko Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji. Alipofikisha miaka 30 alikuwa msomi wa falsafa na theolojia, mhubiri na mpiga kinanda hodari. Mwaka 1905, mwaka uleule Majimaji ilipowaka huku kwetu, aliwaandikia jamaa na marafiki kwamba anaanza kusomea udaktari ili aje kutibu Afrika. Wengi walimshangaa.

Kilichomsukuma ni mfano wa tajiri na Lazaro katika Luka 16. Aliona kwamba tajiri yule ni Ulaya, na Lazaro aliyelala mlangoni ni Mwafrika. Kwake, kumtibu Mwafrika hakukuwa hisani. Ilikuwa kulipa deni la maovu ya wakoloni.

Mwaka 1913 yeye na mkewe Helene, aliyesomea uuguzi, walifika Lambaréné, Gabon. Chumba chake cha kwanza cha matibabu kilikuwa banda la kuku. Wagonjwa walifika kwa mitumbwi pamoja na ndugu zao, waliopika na kulala nao palepale hospitalini. Hakuwafukuza. Alijua kwamba mgonjwa ana mwili, lakini pia ana hofu na upweke, na dawa ya hivyo ni watu wake.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Wafaransa walimweka chini ya ulinzi kwa sababu ya uraia wake wa Kijerumani, na mwaka 1917 wakampeleka Ufaransa kama mfungwa. Mwaka 1924 alirudi, akakuta hospitali imechakaa, akaanza upya. Fedha za Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952 alizitumia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 90, akazikwa hukohuko.

Hakuwa malaika. Alimhesabu Mwafrika kuwa mdogo wake, na kwa hilo amelaumiwa kwa haki. Lakini hakujificha nyuma ya kisingizio kwamba makosa ni ya wengine.

Na sisi je? Yupo jirani ambaye shamba lake lilimegwa na wazee wetu. Yupo binti wa kazi aliyeondoka bila mshahara wake. Tukiwapa nguo kuukuu na kuziita sadaka, Lazaro bado amelala mlangoni. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kabla ya kuweka bahasha kapuni leo, tujiulize ni nani anayetudai, kisha tukitoka ibadani tupitie kwake.

Jumapili njema.