Mchawi wa Agnesi Hakuwa Mchawi

Wenzangu wa hesabu mtakuwa mmekutana nao: mstari uliopinda kama kengele, unaopanda taratibu, unafika kileleni, kisha unashuka vilevile bila kuugusa mhimili wa chini. Kwa Kiingereza unaitwa mchawi wa Agnesi. Mimi nilidhani Agnesi ni mwanaume fulani na uchawi ni utani wa wanahesabu. Kumbe!

Maria Gaetana Agnesi alizaliwa Milan, Italia, mwaka 1718, mtoto wa kwanza wa tajiri wa hariri. Baba alioa mara tatu, akapata watoto 21. Mzee huyo alipenda sifa: wageni wakija, anamwita binti abishane nao kwa Kilatini. Binti hakuyapenda maonyesho hayo. Alitaka utawa, baba akakataa, basi wakapatana abaki nyumbani, avae nguo za kawaida, aende kanisani atakapo na asilazimishwe dansi wala tafrija.

Mwaka 1748 akatoa kitabu cha juzuu mbili: aljebra, jiometri na kalkulasi, vimepangwa kwa ajili ya anayeanza, tena kwa Kiitaliano, si Kilatini cha wasomi. Mwalimu kamili huyo, nasema mimi. Mstari wetu umo humo, ingawa hakuubuni yeye. Fermat alishaushughulikia, na Guido Grandi akauita versiera, kutoka neno la Kilatini la kamba ya kugeuzia tanga. Agnesi akalitumia hivyohivyo.

Akaja John Colson, profesa wa Cambridge, aliyejifunza Kiitaliano uzeeni ili atafsiri kitabu hicho. Sasa Kiitaliano kina neno jingine, avversiera, yaani shetani wa kike. Soma haraka haraka "la versiera", usikie "l'avversiera". Yaelekea mzee alipotelea hapo, kamba ya tanga ikawa mchawi. Kwetu bibi kizee anaweza kuuawa kwa neno hilo moja!

Mwaka 1750 Papa Benedict XIV alimteua Agnesi katika Chuo Kikuu cha Bologna, lakini hakwenda kufundisha. Baba yake alipofariki mwaka 1752 aliachana na hesabu, akagawa mali yake kwa maskini na kuuguza wanawake wagonjwa. Toka 1771 alisimamia upande wa wanawake katika Pio Albergo Trivulzio, nyumba ya maskini ya Milan. Alifia humo Januari 1799, hana kitu, akazikwa kaburi la pamoja.

Miaka miwili baadaye tafsiri ya Colson ikachapwa London, mchawi akiwa ndani.